Jina la Chafya

Tulimzika ndugu yangu mdogo shambani kwake, upande wa mji mdogo wa Ziwa, siku ya manyunyu. Nilikuwa nimeketi chini ya hema na akina mama wa kanisa, nimejikaza vizuri tu. Nilikuwa nimepokea pole za watu, nimekunywa chai, hata nimemkemea mjukuu mmoja aliyekuwa akichezea simu mbele ya jeneza. Halafu ajuza aliyeketi nyuma yangu akafungua kikopo chake cha ugoro. Sikugeuka kumwangalia. Nilisikia kifuniko kikifunguka, kisha harufu ikanifikia, na hapo kujikaza kwangu kote kukaisha. Niliinuka nikaenda nyuma ya ghala la mahindi, nikalia mpaka wajukuu wakaja kunitafuta wakidhani presha imenipanda. Nikawaambia ndiyo, ni presha.

Haikuwa presha. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, nimewaadhibu watoto wa watu kwa makosa yao na kuwasamehe, lakini kosa langu mwenyewe nimelificha tangu nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Vijana watasema huu ni ushamba wa wazee, na waseme tu.

Tulikuwa tukikaa kwenye shamba la kaburu mmoja, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Eldoret, mji ambao wazee wetu waliuita Sisibo. Vibanda vyetu vilijipanga kando ya miti ya miwati, mbele yetu kijito, na ng'ambo ya kijito mashamba ya ngano ambayo hayakuwa na mwisho. Ardhi ile ilikuwa ya babu zetu kabla ya huyo kaburu kuja na mikokoteni yake, lakini wakati wangu tulikaa pale kwa ruhusa. Mwanamume aliyemfanyia kazi kaburu alipewa mahali pa kujenga na kulisha ng'ombe wachache. Asiyefanya kazi alifukuzwa. Baba yangu, aliyeitwa Kimalel, alikuwa mwongozaji wa ng'ombe wa kulima, na walisema alikuwa akiwaita kwa majina yao wote kumi na sita bila kutumia kiboko. Siyakumbuki hayo. Nilikuwa bado ninanyonya alipoandikwa keya, jeshi la Waingereza, akaenda kumpigania mfalme ambaye hakuwahi kumwona.

Kwa muda barua zilikuwa zikija, na karani wa shamba alikuwa akizisoma huku mama akiwa amesimama mlangoni kwake. Kisha zikakoma. Baadaye mwenzake mmoja akarudi kutoka Burma, mguu mmoja hana, akatembea kwa magongo mpaka kwetu ili aseme alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Alisema walikuwa wakivuka mto uliofurika, akamwona Kimalel akichukuliwa na maji, mzigo mgongoni, akaibuka mara moja na hakuibuka tena. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Kogo, alimwuliza kama mwili ulipatikana. Akasema kule hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutafuta miili.

Tulinyolewa nywele, sote. Nakumbuka ubaridi kichwani na nakumbuka niliona raha, maana watoto wengine walinionea huruma na kunipa nafasi ya mbele kwenye michezo. Baba Mdogo, mdogo wake Baba, akachukua nyumba ya kaka yake kama ilivyokuwa desturi, asije mama akafukuzwa pale shambani pamoja nami. Alikuwa mtu mpole, mkamuaji wa ng'ombe wa kaburu, na kila mara alipoingia mlangoni kwetu alikohoa kwanza, kama mgeni. Mwaka haukupita sana mama akapata mtoto wa kiume.

Kwetu mtoto hapewi jina hivi hivi. Akina mama wazee humzunguka na kuita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, huku wakimnusisha ugoro kidogo. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi ndani yake. Jina hilo huitwa kurenet, lakini mimi nililiita jina la chafya. Siku ya ndugu yangu tulifukuzwa nje, na kwa kuwa nilikuwa mtundu nilizunguka nyuma nikachungulia kwenye ufa wa ukuta. Waliita babu wa babu, mtoto kimya. Waliita wajomba wa baba, kimya. Ndipo Kogo akasema, "Kimalel." Mama mmoja mzee akamshika mkono, akamwambia taratibu kwamba huyo haitwi, hakuna aliyemwona akizikwa. Kogo akautoa mkono wake. Nilimwona akichota ugoro, na haukuwa ule wa kuonja waliotumia kwa wengine. Alichota wa vidole vitatu. Akaita tena, na mtoto akapiga chafya mpaka miguu ikaruka.

Leo najua alichokifanya na sithubutu kumlaumu. Alikuwa mama, na alimtaka mwanawe. Wakati ule nilichokiona ni kwamba jina linaingia kwa ugoro, na ugoro ukiwa mwingi linaingia vizuri zaidi.

Tangu siku hiyo kila mtu alimwita yule mtoto kwa heshima ya mwenye jina. Kogo alimwita "mwanangu". Baba Mdogo, aliyemzaa, alimwita "kaka". Mimi niliambiwa nimwite Baba, na nilimwita hivyo bila shida yoyote. Ni mimi niliyembeba kutwa nzima mama akiwa kwenye kazi za shamba. Nilimfundisha kuitika. "Baba!" nikisema, naye anasema "Ee!" na watu wote wanacheka. Watoto wenzangu walikuwa na baba wakali wenye viboko. Mimi wangu nilimfunga mgongoni kwa shuka na kumfuta kamasi.

Mtoto alikuwa ameanza kusimama siku mgeni mmoja alipokuja. Nilikuwa njiani kando ya miwati, ndugu yangu amelala mgongoni, nikamwona mwanamume mrefu amevaa kabuti la jeshi na mabuti makubwa, amebeba sanduku la bati begani. Alichechemea kidogo. Aliponiona alisimama, akalishusha sanduku, akanitazama usoni kwa muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliniuliza.

"Wa Kimalel."

Uso wake ukafunguka wote. Hadi leo nikifumba macho nauona ule uso. Akainama, mikono magotini, akaniuliza kama mtu anayefanya mzaha, "Na huyo Kimalel yuko wapi?"

Nikageuza mgongo nimwonyeshe. "Ni huyu. Amelala."

Alimwangalia mtoto, akaangalia moshi wa vibanda vyetu, akaketi juu ya sanduku lake. Nilidhani amechoka na safari. Nikakimbia kumwita Kogo, nikamwambia kuna askari barabarani ambaye anamtafuta Baba.

Kogo alitoka akiwa na kibuyu cha maziwa mkononi. Alipomwona alikidondosha. Alimwendea, akamshika mashavu, masikio, akamfungua kabuti akatafuta kovu fulani kifuani, akalipata. Nilitarajia vigelegele. Badala yake alirudi nyuma hatua mbili tatu, akaufunika mdomo wake, akasema, "Usiingie. Mwanangu, tafadhali, usiingie kwanza."

Wazee waliitwa. Walimwuliza kama huko alikokwenda aliua watu, akasema aliua. Hilo walilijua dawa yake. Mtu aliyemwaga damu hukaa siku nne kando ya maji, hagusi chakula kwa mikono, hamkaribii mke, kisha husafishwa na kurudi kwake. Wakamjengea kibanda kidogo ng'ambo ya kijito, na siku nne zikapita, akanyweshwa dawa ya magome iliyomtapisha, akaoga. Lakini jambo la jina hawakulijua dawa yake. Hakuna aliyewahi kusikia mtu aliyenyolewa nywele, akaitwa, akapigiwa chafya, halafu akaja mwenyewe kwa miguu yake. Walikaa mara tatu wakaondoka mara tatu. Mpaka waamue, walisema, abaki ng'ambo ya kijito.

Alibaki huko msimu mzima wa kiangazi na mvua zikamkuta palepale. Siku aliyofika, Baba Mdogo alichukua blanketi lake akahamia zizi la ndama, na hakurudi kulala nyumbani. Mama alilala na mimi na mtoto, na hakuna aliyejua tena yeye ni mke wa nani. Alienda kuteka maji mara nyingi kuliko tulivyohitaji. Nilimwona akijaza mtungi, akiumwaga, akiujaza tena, na ng'ambo yule mtu akiwa amesimama mlangoni pa kibanda chake na kofia mkononi. Sikuwahi kuwasikia wakizungumza. Jioni mama alinipa chakula nimpelekee, na kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilikuwa kile kizuri chenye shanga, ambacho hakikuwa kimetumika miaka yote.

Hivyo ndivyo nilivyomjua. Nilivuka kwa mawe, nikamtazama akila, naye akanisimulia. Alizungumza lugha yetu akichanganya na Kiswahili cha jeshi, kila kitu "sawasawa", kila kitu "tayari". Aliniambia kuhusu mvua ya Burma na ruba walioingia kwenye mabuti. Kuhusu mto alisema tu kwamba alinasa kwenye mti, wanakijiji wakamtoa, kisha akaugua homa katika hospitali ya huko India, miezi mingi sana, hata jina lake akalisahau. Wauguzi walimwita kwa namba ya shingoni. Mimi nilihesabu kwa akili yangu ya kitoto nikaona mambo yote yamenyooka. Alisahau jina kwa sababu halikuwepo. Lilikuwa limekuja kwetu, Kogo amelivuta kwa ugoro, na mtoto akalipigia chafya. Sikumwambia, nilimwonea aibu.

Mchana alitafuta kazi. Alijua kuendesha lori na kuifungua injini yake yote na kuifunga tena, na alikuwa na barua ya afisa wake inayosema hivyo. Alivaa nishani zake tatu akaenda kwa kaburu, akapiga saluti. Mtoto wa kaburu naye alikuwa amerudi kutoka vita ileile, na tayari alikuwa amepimiwa shamba lake upande wa chini, trekta jipya limesimama uani. Yeye aliambiwa anaweza kurudi kwenye ng'ombe wa kulima akitaka, kiboko kipo, lakini kwanza aonyeshe kibanda chake ni kipi. Na kibanda chake kilikuwa kimeandikwa jina la mdogo wake. Alirudi akazivua nishani, akazifunga kwenye kitambaa, akaketi kuzichezea kama mtu aliyepewa vyombo bila jiko. Nilikuwa mtoto, lakini niliona aibu iliyokuwa usoni mwake na ikaniuma.

Nilianza kumpenda. Sijui siku gani. Labda ni siku aliyonichongea ng'ombe wa mti wa muwati na kuwapa majina, au siku aliyonifunga kidonda cha mguu kwa bandeji ya jeshi, nikatembea nayo shamba zima nikijidai. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kwamba avuke kijito aingie nyumbani, alale ndani, mama aache kumwaga maji mazuri. Na nilijua kinachomzuia kiko mgongoni mwangu kimelala.

Mvua ndefu zilipokolea, mtoto alishikwa na homa. Siku ileile yule wa ng'ambo naye alianza kutetemeka, homa yake ya Burma imemrudia. Mtoto akipata nafuu, naye anapata nafuu. Mtoto akizidiwa, ninamkuta naye amejikunja chini ya kabuti meno yakigongana. Kina mama walinong'ona, na wazee wakaacha kupita karibu na kwetu. Nilimsikia Kogo akimwambia mama jikoni, sauti imemkauka: "Hao wawili wanavutana. Mmoja atamwachia mwenzake."

Mama alimwuliza yupi. Kogo akainamia moto akaupuliza, na mimi sikulala kwa kuwaza.

Kesho yake watu wazima walikuwa kwenye palizi ya mahindi. Nilichukua kikopo cha ugoro cha Kogo chini ya kitanda chake, nikamfunga mtoto mgongoni, nikavuka mawe. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Kilichoingia kwa chafya kitatoka kwa chafya. Mradi mwenyewe awe karibu, jina lisije likapotea njiani. Nilimkuta amelala, jasho jingi, hana habari. Nikamketisha ndugu yangu kando ya kichwa chake, nikachota ugoro vidole vitatu kama nilivyomwona Kogo.

"Kimalel, toka," nikasema. "Rudi kwako."

Mtoto alikunja uso lakini hakupiga chafya. Nikaongeza. Nikajaza pua zote mbili, nikasema maneno yaleyale kwa sauti zaidi. Akafungua mdomo alie, akavuta ule unga wote ndani, na kilio hakikutoka. Alinitazama. Midomo yake ikaanza kuwa na rangi ya majivu na mikono ikakaza. Nilimtikisa, nikamwita Baba, Baba, naye ambaye siku zote aliitika hakuitika. Nilipiga yowe.

Yule mtu aliamka na homa yake. Alimnyakua mtoto, akamgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, akatoka naye mbio mpaka kijitoni akamwosha uso. Bado kimya. Akaifunika pua ya mtoto kwa mdomo wake, akavuta, akatema, akavuta tena, akatema ugoro mweusi majini. Mara ya tatu au ya nne mtoto akapiga chafya. Akapiga nyingine, na nyingine, kisha akalia kilio kikubwa chenye afya. Na yule mtu, pua na mdomo vimejaa ugoro, naye akapiga chafya kubwa mpaka akakaa majini.

Nilirukaruka kwa furaha. Mungu anisamehe, nilipiga makofi. "Limetoka!" nikamwambia. "Limekurudia, umelipigia chafya! Sasa unaweza kuja nyumbani. Nakwenda kumwambia Kogo."

Alinishika mkono kabla sijakanyaga jiwe la kwanza. Akaniketisha. Alinihoji polepole, nami nikamweleza yote, ufa wa ukuta, vidole vitatu, hospitali ya India, maneno ya Kogo ya jikoni. Alisikiliza hadi mwisho akiwa na mtoto kifuani, maji yakimtiririka. Nilingoja anisifu. Uso wake ulikuwa ule wa siku ya kwanza, alipoketi juu ya sanduku.

"Jerono," akasema, "hii usiambie mtu. Wakisikia, watasema huyu mtoto amebaki mtupu. Akiguswa na homa tena hakuna atakayemshika. Watamhesabu amekufa."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamtazama ndugu yangu, na kwa mara ya kwanza nikaogopa nilichofanya. Nikauliza tufanyeje sasa.

Alimwinua mtoto karibu na uso wake. "Kimalel," akamwita sikioni. Mtoto, macho mekundu, kamasi tele, akasema, "Ee."

"Umesikia?" akaniambia. "Hiyo jina ni yake. Saa hii nimempa mimi mwenyewe. Hakuna aliyeiba."

"Na wewe utaitwa nani?"

"Huko nilikuwa na namba. Itanitosha."

Nikaanza kulia, nikamwambia silitaki hilo, ninataka aje nyumbani. Alinifuta uso kwa kiganja kilichonuka ugoro. Akasema baba yangu nimempata tayari, nimembeba vizuri, nisiache kumwita. Akaniambia niendelee kumwita hivyohivyo hata akiwa mkubwa, ili watu wasisahau. Nikamwahidi. Mtoto wa miaka minane huahidi tu.

Kulipokucha alikuwa ametoka kibandani na sanduku lake begani. Alikuwa amemwambia Kogo usiku uleule kwamba anakwenda kutafuta kazi mbali, na kwamba wakiulizwa waseme ni askari mwingine aliyepita. Kogo alisimama ukingoni mwa kijito bila kuvuka. Mama hakutoka nje. Kabuti lilikuwa limetundikwa kwenye tawi la muwati upande wetu wa maji, na asubuhi ile ilikuwa na umande wa kuuma vidole, naye ameondoka na shati tu.

Nilimfunga ndugu yangu mgongoni nikamfuata mbio. Nilimwona mbele, ameshafika kwenye njia ya mikokoteni, anachechemea. Katika siku zote hizo sikuwa nimewahi kumwita baba. Jina hilo nilikuwa nimempa mwingine. Pale ndipo lilinitoka.

"Baba!" nikaita.

"Ee!" akaitika ndugu yangu mgongoni mwangu.

Aliyekuwa mbele alisimama. Nilimwona akisimama kabisa, sanduku likayumba begani. Hakugeuka. Kisha akaendelea kutembea, na sikuita tena, kwa sababu niliogopa nitaitikiwa vilevile.

Homa ya mtoto iliisha wiki ileile. Wazee walitikisa vichwa wakasema mmoja amemwachia mwenzake kama ilivyotakiwa. Baba Mdogo alikaa zizini mwezi mwingine mzima kabla ya kurudi ndani, na aliporudi alikohoa mlangoni kwa muda mrefu. Mama alilikata kabuti akamtengenezea mtoto blanketi, na vifungo vya shaba akavificha mahali ambapo sikuwahi kupajua. Kogo alikipata kikopo chake pale kibandani, kitupu. Alikuja nacho mpaka nilipokuwa nimeketi, akaniangalia, akaangalia kikopo, akaenda akakitupa kwenye kijito. Sikumwona akinusa ugoro tena mpaka alipokufa.

Tulisikia kwamba yule aliyeondoka alipata kazi ya kupasua mbao upande wa Moi's Bridge, wakati ule daraja lile lilikuwa na jina lingine, na kwamba watu wa huko walimjua kwa jina ambalo si letu. Hakuoa. Nilikuwa tayari nimeanza kufundisha wakati mtu wa kazini kwake alipoleta sanduku la bati. Ndani mlikuwa na nishani tatu kwenye kitambaa, barua ya afisa, na ng'ombe mmoja wa mti wa muwati ambaye hakuwa amemaliza kumchonga. Walikuwa wameshamzika huko. Baba Mdogo alilia kuliko nilivyodhani mwanamume anaweza kulia, lakini aliponiona ninatafuta wembe alinikataza. Mtu hanyolewi nywele mara mbili kwa kifo kimoja, alisema, na cha Kimalel tulikwisha kunyolewa. Usiku nilijinyoa mwenyewe chooni, nikamwambia mama ni chawa wa bweni. Mama alipapasa kichwa changu chote, pole pole, kila mahali. Hakuuliza mwalimu amepataje chawa.

Ndugu yangu aliishi vizuri. Alipata shamba lake mwenyewe, ekari zake za mahindi, watoto saba. Nilimwita Baba mbele ya watu mpaka tukazeeka wote wawili, na wakwe zake walifikiri ni utani wetu. Sikumwambia kamwe. Mara nyingi nilikusudia, tukiwa tumeketi na chai, yeye akikuna mvi zake. Kisha ananiitikia ile "Ee" yake na ninashindwa.

Wajukuu waliponitoa nyuma ya ghala walikuwa wameshateremsha jeneza. Mchungaji alisoma jina zima kwenye karatasi, na nikasikia Kimalel akizikwa, kwa mara ya pili maishani mwangu. Msalabani limeandikwa jina hilo kwa rangi nyeupe. Yule wa kule kwenye mbao hana msalaba, na nikienda leo sitajua niulizie jina gani. Walinishika mkono nikasogea ukingoni, wakanipa udongo. Niliutupa. Kisha nikaita, "Baba," kama nilivyoahidi, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia.

Nikasubiri. Mchungaji akanitazama, mjukuu akanivuta gauni. Hakuna aliyeitika.